Mshirika niliyemfanya msaliti: wachezaji wawili hawajarudi mezani. Nilikosea wapi?

#1 Msimulizi wa Kinondoni

Wakuu, salaam. Nina kikundi cha wachezaji watano tunaokutana kila Jumamosi alasiri sebuleni kwangu, na mchezo wetu ni Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza ambamo kila mchezaji ana mhusika wake na mimi msimuliaji nasimulia dunia na watu wengine wote, kwa kanuni za toleo la tano, isipokuwa dunia tumeibuni wenyewe: pwani yenye miji ya mawe inayooneana wivu, majahazi, na majini wanaokaa chini ya miamba. Dadu letu la pande 20 lilipotea katika kikao cha tatu, hivyo tunatumia vifuniko 20 vya chupa za soda vilivyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Tunavitikisa ndani ya kopo la maziwa ya unga, mtu anachomoa kimoja bila kutazama, kinasomwa kuamua kama alichojaribu kimefanikiwa, kinarudishwa.

Katika kikao cha pili niliwapa rubani wa jahazi aitwaye Shebani, mhusika ninayemwendesha mimi. Aliijua miamba yote, aliwapikia pweza wa nazi, aliwavusha dhoruba mbili, na mmoja wao alifikia hatua ya kumkabidhi pete ya marehemu baba yake amtunzie, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaingia pangoni akiamini hatatoka. Wachezaji hawakujua kwamba tangu siku ya kwanza Shebani alikuwa mtu wa mji pinzani. Katika kikao cha 14 alilipandisha jahazi mwambani usiku, akaingia ngalawani na kutoweka pamoja na ramani, sanduku la dhahabu na ile pete.

Nilitarajia kelele, watu washike vichwa, wacheke kwa uchungu. Nilipata ukimya, kisha mtu mmoja akauliza kama chai imebaki. Tangu siku hiyo wachezaji wawili hawajaonekana kwa Jumamosi mbili. Mmoja amesema kazi zimembana, mwingine hajibu ujumbe. Dai langu ni kwamba usaliti ule ulikuwa halali, ulipangwa mapema, wala haukutoka hewani. Kama nimekosea, nioneshwe ni wapi.

#2 Karama wa Likoni

Shukrani kwa uzi, mkuu. Kabla hatujakuhukumu, tueleze dalili ulizoziacha njiani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini kunguni naye huacha harufu na madoa kwenye shuka kabla mwenye kitanda hajawasha taa. Mimi huweka dalili tatu kwa kila siri, kwa kuwa nimeona wachezaji wakiipuuza ya kwanza, wakiifanyia mzaha ya pili, na kuikumbuka ya tatu wakati maji yamekwisha kumwagika.

Niliwahi kuwa na mhusika muuza viungo ambaye kila alipoagana na kikundi aliuliza watapitia njia ipi. Aliuliza mara nne. Siku walipoviziwa, mchezaji mmoja aliinuka akaizunguka meza huku akijipiga paji la uso na kusema, "Alituuliza, jamani, alituuliza!" Kelele unayoitafuta ndiyo hiyo, na huitoa mtu anayejikasirikia mwenyewe, si anayekukasirikia wewe.

#3 Msimulizi wa Kinondoni

Dalili zilikuwepo, kaka Karama. Kila usiku wa kutia nanga Shebani aliwasha kandili upande wa tezi, akisema anavuta ngisi, lakini asubuhi hapakuwa na ngisi. Katika mji mmoja alimwita askari wa forodha kwa jina lake wakati alidai hajawahi kufika pale. Tena hakuwahi kuomba mgao wake wa dhahabu, na mimi nilidhani baharia asiyedai mgao angetosha kumwamsha hata mlevi.

Katika kikao cha tisa mchezaji mmoja aliomba kuisoma nia ya Shebani, yaani kupima kwa kifuniko kama anasema kweli. Nilichomoa kifuniko mimi mwenyewe, kwa siri, kama kanuni zinavyoniruhusu, nikamjibu, "Unamwona mtu mkweli aliyechoka." Nadhani hapo sikukosea, kwa maana uchovu ulikuwa wa kweli.

#4 Hesabu Kavu

Ninafundisha hisabati, kwa hiyo mnivumilie. Tuseme mchezaji wako makini zaidi ana nyongeza ya 5 (namba inayojumlishwa kwenye kifuniko) katika kusoma nia za watu. Uangalifu wake wa kawaida, ule usiohitaji kuchomoa chochote, ni 10 kujumlisha 5, yaani 15. Tuseme Shebani ana nyongeza ya 4 katika ulaghai. Ili uongo wake upite ni lazima afikishe 16, maana yake achomoe 12 au zaidi, na hizo ni namba tisa kati ya 20. Uongo mmoja una nafasi ya asilimia 45. Uongo wa mara tano mfululizo unashuka chini ya asilimia 2. Wewe umemfikisha kikao cha 14.

Kwa maneno mengine, msimuliaji anayepima kila uongo kwa haki hatakuwa na msaliti ifikapo kikao cha nne, na asiyepima kabisa amekwisha kuamua matokeo kabla ya mchezo, hivyo kopo lile ni pambo tu mezani. Nauliza bila ubaya: katika kikao cha tisa, kopo lilitoa namba gani?

#5 Mlinzi wa Lango

Mimi sioni fumbo lolote hapa. Kama kikundi kina paladini, yaani shujaa mtakatifu, kwa nini hakutumia uwezo wake wa kunusa uovu siku ya kwanza Shebani alipopanda jahazini? Wachezaji walizembea, na uzembe wao ndio uliowagharimu. Msimuliaji hana kosa.

#6 Bint Shangani

Ndugu Mlinzi, hapo umechanganya matoleo. Katika toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000, uchawi huo ulikamata kweli moyo muovu wa mtu yeyote. Katika toleo la tano, la 2014, unaonesha viumbe wa aina fulani tu walio karibu: mashetani, viumbe wa mbinguni, wafu wanaotembea na jamii zao. Shebani ni binadamu. Kwa uchawi huo, yeye na kuku wa jirani wangeonekana sawasawa.

Upo uchawi mwingine wa ngazi ya pili unaomzuia mtu kusema uongo kwa dakika 10 akiwa ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 15, na aliyeutumia hujua nani ameshikwa na nani ameponyoka. Hata hivyo, aliyeshikwa anajua kwamba ameshikwa, na ana ruhusa ya kukwepa swali. Niliwahi kumweka msaliti wangu ndani ya duara hilo. Aliulizwa, "Umewahi kuwauza watu?" Akajibu, "Bibi wee, mimi nimeuza samaki maisha yangu yote." Wachezaji walicheka sana. Miezi miwili baadaye mmoja wao aliniandikia usiku wa manane: "Hakujibu lile swali."

#7 Mzee Chuma

Nimewasoma wote na naona mnajadili paa ilhali msingi una ufa. Mchezo huu tangu kuchapishwa kwake mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson ni mchezo wa watu kushirikiana dhidi ya hatari. Msimuliaji ni macho na masikio ya wachezaji. Hawaoni jahazi wala bahari mpaka awaambie. Mtu wa namna hiyo akiweka mwongo ndani ya chombo, huo si uongo wa rubani, ni uongo wa macho. Mimi nimeendesha michezo kwa muda mrefu na sijawahi kumfanya mshirika kuwa msaliti. Maadui wa wazi wananitosha.

#8 Ughaibuni Saint Paul

Mzee wangu Chuma, shikamoo, lakini historia unayoitaja ina mlango wa nyuma. Ninaishi katika eneo alilotoka Arneson, na kabla ya 1974 kundi lake hapa Minneapolis na Saint Paul lilicheza mchezo ulioitwa Braunstein, uliobuniwa na David Wesely mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila mchezaji alipewa mtu mmoja wa mji, mwenye lengo lake na siri zake, na malengo yalipingana. Wesely mwenyewe aliona usiku ule umevurugika, kwa kuwa watu waliinuka na kwenda kunong'ona pembeni badala ya kupigana vita alivyovitayarisha, lakini wachezaji walimrudia wakitaka zaidi. Ukifuata mizizi, ndani yake utakuta mnong'ono na njama, si ushirikiano peke yake.

Aidha, mwaka 1984 ulitoka mchezo uitwao Paranoia, ambamo kila mhusika ni mwanachama wa chama cha siri na ana kasoro ya kimaumbile inayohesabiwa kuwa uhaini. Kila mtu ni msaliti na kila mtu anajua hivyo, na ndiyo maana kila mhusika hupewa nakala sita za mwili wake. Hakuna anayenuna, kwa sababu mkataba ulisomwa mlangoni. Swali langu kwa mwenye uzi: je, wachezaji wako walisoma mkataba gani?

#9 Mzee Chuma

Marahaba, mwanangu. Nimekubali kuhusu Braunstein. Lakini umenisaidia bila kujua: katika mifano yako yote miwili wasaliti ni wachezaji, si msimuliaji. Mchezaji akinidanganya, tuko sawa kwa kimo. Msimuliaji akinidanganya, nimedanganywa na bahari yenyewe.

#10 Msimulizi wa Kinondoni

Ughaibuni, mkataba haukuwepo. Nilisema tu kwamba dunia ni ya hatari. Kuhusu namba ya kikao cha tisa, Hesabu Kavu, sikumbuki.

#11 Mlinzi wa Lango

Hakumbuki! Nimeandika.

Turudi kwenye mada. Mbona kisa cha kwanza cha mshirika msaliti tulichofundishwa wengi wetu ni cha Fumo Liyongo, aliyechomwa na mwanawe kwa sindano ya dhahabu, na hakuna aliyesusa kusikiliza?

#12 Bint Shangani

Sindano ya shaba, si ya dhahabu. Nashukuru umeileta, kwa sababu kisa kile kina usaliti zaidi ya mmoja, na tofauti yake inatufaa hapa.

Kwanza, watu waliotumwa kumuua walijifanya marafiki, wakamwingiza katika kikoa cha kula makoma, matunda ya mti wa jamii ya mnazi: kila siku mmoja anapanda mkoma na kuwaangushia wenzake, na siku ya zamu ya Liyongo wangempiga mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika alisimama chini, akauliza kila mtu anataka lipi, akayatungua makoma kwa mishale mmoja baada ya mwingine. Njama ikafia palepale. Yeyote aliyewahi kuendesha meza anaijua siku hiyo: unapanga mtego kwa wiki tatu, mchezaji anautazama mkoma, anauliza, "Ni lazima nipande?", basi mtego umekwisha. Wale washirika walikuwa wasaliti wa kupangwa, na msaliti wa kupangwa hushindwa mara nyingi.

Pili ni mtoto. Sultani wa Pate alimwahidi kumwoza binti yake, naye akaenda kumuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo hakuwa mjinga. Alimwambia kwamba anadanganywa na waliomtuma, lakini siri akampa vilevile, sindano ya shaba, kitovuni. Alimpa kwa sababu ni mwanawe. Hapa hapakuwa na cha kusoma nia wala cha kuchomoa kifuniko, maana mhanga alijua nusu ya jambo na akachagua. Mshirika msaliti anayekumbukwa kwa heshima ni yule ambaye wachezaji wenyewe walimkabidhi sindano. Ndugu Msimulizi, ile pete ndiyo ilikuwa sindano yako, ila aliyeitoa hakupewa nafasi ya kushuku kwanza.

#13 Karama wa Likoni

Dada Bint, hapo umenigusa, ila nakupinga kidogo. Kisa cha Liyongo tunakisikiliza tukiwa nje yake. Mezani tungekuwa sisi ndio Liyongo, tumelala, na msimuliaji anatuambia, "Umeamka una sindano kitovuni." Hata Liyongo alipata tendo la mwisho: alitoka, akapiga goti karibu na kisima, akavuta upinde na kufia hivyohivyo, mji mzima ukakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji. Wachezaji wa Kinondoni walipata tendo gani Shebani alipoingia ngalawani? Je, mtu angeweza kuruka majini, au kurusha mkuki?

#14 Msimulizi wa Kinondoni

Nilisimulia kwamba walikuwa wamelala.

#15 Karama wa Likoni

Wote watano? Bila zamu ya ulinzi?

#16 Msimulizi wa Kinondoni

Zamu ilikuwa ya Shebani.

#17 Hesabu Kavu

Kwa mara ya kwanza katika uzi huu nimeona jambo lililopangwa vizuri.

#18 Nyanda wa Ziwani

Habari zenu. Mnamzungumzia Shebani kama kwamba usaliti ni chanjo aliyodungwa utotoni. Mimi humwachia msaliti mlango. Niliazima chombo kutoka mchezo wa Blades in the Dark wa 2017: duara lililogawanywa vipande, ambalo msimuliaji hutia wino kipande kimoja kila jambo linapokaribia kutokea. Kwa mamluki wangu nilichora maduara mawili ya vipande sita. La kwanza lilijazwa kila wachezaji walipomdharau, kumnyima mgao au kumtanguliza penye mitego. La pili kila walipomtibu jeraha, kumuuliza habari za watoto wake au kumlipa kwa wakati. Duara litakalotangulia kujaa ndilo lingeamua.

Lilijaa la pili. Mamluki alizitupa mtoni barua za yule aliyemtuma na akafa akiwatetea wachezaji kwenye daraja. Walimzika, wakalia kidogo, wakaendelea na safari. Hadi leo hawajui kwamba alikuwa wa upande wa pili, na sijui kama niwaambie.

#19 Hesabu Kavu

Kwa hiyo dada Nyanda aliendesha mchezo wa usaliti usio na usaliti, akausimulia peke yake moyoni. Nakupongeza kwa dhati, lakini ungeweza kufanya hivyo ukiwa jikoni unamenya viazi.

#20 Nyanda wa Ziwani

Viazi navyo vinasaliti, Mwalimu. Vingine unavimenya hadi mwisho ndipo unakuta vimeoza ndani. Hoja yangu ni kwamba wachezaji walikuwa wanacheza mchezo huo bila kuambiwa jina lake. Kila mgao waliompa ulihesabiwa.

#21 Ughaibuni Saint Paul

Jambo la Nyanda lina babu yake. Katika toleo la msingi la Dungeons & Dragons la 1981, kila mfuasi wa kuajiriwa alikuwa na kiwango cha utiifu kilichotokana na mvuto wa aliyemwajiri; kwa mtu wa kawaida kilikuwa 7, na kwa mwenye mvuto wa juu kabisa kilikuwa 10. Hatari ilipozidi, na tena safari ilipokwisha, msimuliaji alirusha dadu mbili za pande sita, na jumla ikizidi kiwango, mfuasi anakimbia au hajiajiri tena kwako. Kwa kiwango cha 7, nafasi ya kuachwa ni zaidi kidogo ya asilimia 40 kila mara. Wachezaji wa enzi hizo walijua namba ipo, hivyo walipoachwa njiani waliitupia lawama namba na ubahili wao, si mtu aliyekaa kichwani mwa meza.

#22 Mwenye Pete

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nimetumiwa kiungo na mwenzangu. Mimi ni mmoja wa wale wawili, yule asiyejibu ujumbe.

Kwanza, kandili niliiona. Niliwaambia wenzangu katika kikao cha saba kwamba ngisi hawaonekani. Wenzangu wakaanza kumshuku Shebani, na mmoja akapendekeza tumshushe kisiwani. Ndipo katika kikao cha tisa nikaomba kuisoma nia yake, ili nimalize ubishi. Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto wa msimuliaji. Nilimwona akitia mkono koponi, akatoa kifuniko, na akakirudisha bila kukitazama. Kisha akaniambia ni mtu mkweli aliyechoka.

Nilielewa hivi: msimuliaji hajatazama kwa sababu hapana cha kutazama, Shebani ni mwema na swali langu halina uzito. Kwa hiyo nilisimama mbele ya wenzangu na kumtetea. Niligombana na mtu ambaye ni rafiki yangu nje ya mchezo pia. Na pangoni nilimpa pete, si kwa sababu nilimsahau ngisi, bali ili wenzangu waone kwamba nimeweka rehani neno langu.

Usaliti haukuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba jahazi lilipopanda mwambani, kila mtu mezani alinigeukia mimi, na msimuliaji alicheka. Tangu siku ile kwenye kundi letu la simu ninaitwa "Wakili". Huyo mwingine ambaye haji, kweli kazi zimembana. Amehamishiwa zamu ya Jumamosi.

#23 Msimulizi wa Kinondoni

Ndugu yangu, sikujua kwamba ulikuwa unanitazama mkono. Nilicheka kwa sababu nilikuwa na hofu, maana meza nzima ilinyamaza na mimi nikikabiliwa na ukimya hucheka, hata msibani nimewahi kufanya hivyo na mama akanitoa nje. Jina la Wakili sikulianzisha, lakini sikulikataza. Kuhusu kifuniko, nilikihisi kwa kidole gumba na nikajua ni namba ya juu.

#24 Karama wa Likoni

Namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mkuu. Una vidole vinavyosoma wino?

#25 Mlinzi wa Lango

Huyu asiruhusiwe kukaa karibu na karata.

Hata hivyo bado namtetea. Kifuniko kingeweza kusema lolote, na jibu la kikao cha tisa lingebaki vilevile kwa sababu Shebani ni mlaghai hodari. Aliyempa pete ni mchezaji, hakuna aliyemshika mkono. Tukianza kuwafidia watu kwa sababu wameaibika mezani, tutabaki na wahusika wanaoaga kabla ya kuiba.

#26 Mzee Chuma

Sifurahii kuwa nilisema. Lakini someni tena aya ya tatu ya kijana huyu. Yeye hakumwamini Shebani, alikuwa ameshamshuku vizuri kabisa. Alimwamini msimuliaji. Ndugu Mlinzi anasema hakuna aliyemshika mkono. Mimi naona mkono ulioingia koponi ndio uliomshika.

#27 Bint Shangani

Mzee, hapo nakubali nusu. Kudanganya kupitia kinywa cha mhusika ni sehemu ya mchezo; Shebani akisema "mimi mkweli", hilo ni la Shebani. Lakini "unamwona mtu mkweli" halikusemwa na Shebani, lilisemwa na yule anayesimulia mawingu na mawimbi. Mimi ningejibu, "Huoni dalili ya uongo usoni mwake." Sentensi hiyo ni kweli hata kama namba ilikuwa mbovu, na inamwachia mchezaji shaka yake. Maneno manne tu yangebadilika, na Wakili asingekuwa Wakili.

#28 Hesabu Kavu

Ningeongeza kwamba mchomoaji angekuwa mchezaji, na kifuniko kifunikwe kwa kikombe hadi kikao cha 14. Siku ya usaliti kikombe kinainuliwa mbele ya wote. Ikiwa ni 3, watu wanapiga kelele. Ikiwa ni 19, msimuliaji anaona haya, na anastahili.

#29 Nyanda wa Ziwani

Mimi sidhani shida ni kifuniko wala sentensi. Kikundi kilimtupia mtu mmoja mzigo wa watu watano. Wale wengine wanne walikula pweza yuleyule. Kama Shebani angechukua kitu cha kila mmoja, kisu cha huyu, barua ya yule, kusingekuwa na wakili wala mshtakiwa, kungekuwa na jahazi zima lenye hasira.

#30 Ughaibuni Saint Paul

Kuna mchezo wa 2005 uitwao The Mountain Witch, ambamo samurai wasio na bwana wanaupanda mlima Fuji kwenda kumuua mchawi, kila mmoja akiwa na siri yake nzito. Kila mchezaji hugawa alama za kuaminiana kwa wenzake, waziwazi. Alama uliyonipa naweza kuitumia kukusaidia au kukugeuka. Uzuri wake ni kwamba usaliti ukifika, meza yote ilikuona ukitoa alama, na hakuna anayekuita mjinga, kwa sababu nao wamezitoa zao. Sina hakika kwamba unaweza kupachikwa juu ya mchezo wenu, lakini Nyanda na kijana wa pete nadhani wanasema jambo moja kutoka pande mbili.

#31 Mlinzi wa Lango

Hawasemi jambo moja. Kijana analalamikia kicheko, Nyanda analalamikia mgao.

#32 Msimulizi wa Kinondoni

Nimesoma yote na bado sijajua kosa langu ni lipi kati ya haya, huenda ni matatu pamoja. Kwenye kundi la simu nimeomba jina la Wakili life, na aliyelianzisha amekubali kwa sharti kwamba yeye asiitwe Hakimu. Jumamosi hii tunaanzia mwambani, jahazi limetoboka upande wa omo, maji yanakupwa, na mvuvi mmoja wa dau anasema ameona ngalawa ikielekea kusini ikiwa na kandili. Vifuniko vitachomolewa na wachezaji. Nimemnunua pia pweza, wa kweli.

#33 Hesabu Kavu

Tuletee mrejesho. Na picha ya pweza.

#34 Mwenye Pete

Nitakuja. Nitakaa palepale kushoto. Zamu ya ulinzi ya usiku wa kwanza ni yangu, na yule mvuvi wa dau naomba kuisoma nia yake kabla hajamaliza sentensi.